Mkungu wa ndizi tunapatana, king'amuzi je?

Ukitaka kujua kuwa watu wa Bukoba wanajua kupatana bei, nenda soko kuu asubuhi ukaulize bei ya mkungu wa ndizi. Utatajiwa bei ambayo muuzaji mwenyewe haiamini. Wewe utataja nusu yake, ambayo na wewe huiamini. Atacheka, utageuka kama unaondoka, atakuita, utarudi. Mwisho mnakutana katikati na kila mmoja anaondoka akiona kashinda. Ndivyo tunavyonunua sato, ndivyo tunavyonunua senene msimu wake, ndivyo tunavyopanda bodaboda kutoka mjini kuja Kibeta. Hata kodi ya chumba tunapatana.

Sasa mwangalie mtu huyo huyo siku kifurushi cha king'amuzi kinapoisha. Meseji inaingia kwenye simu: lipia kabla ya saa fulani usikose burudani. Anaisoma, anasonya, analipa. Hakuna "punguza kidogo mzee wangu". Hakuna kugeuka kama anaondoka. Mtu aliyebishana dakika kumi kwa ajili ya Sh. 500 ya ndizi anatoa makumi elfu kimya kimya kwa meseji.

Nimekuwa nikijiuliza sababu. Jibu la haraka ni kwamba hakuna wa kupatana naye. Meseji haina masikio, na ukiipa mgongo haikuiti. Lakini mwaka huu nililazimika kuliangalia jambo hili kwa karibu, na sasa naamini vingine. Kampuni za ving'amuzi na intaneti zinapatana bei kila siku. Ila zinapatana na yule anayeondoka, sio na yule anayebaki.

Kilichonilazimisha ni kibanja cha mama mwenye nyumba wangu. Wapangaji wote tunamwita Mae. Ni mwalimu mstaafu, anaishi kwa pensheni, kodi zetu na kibanja chake cha migomba na kahawa kilichoko nyuma ya nyumba. Kila mwezi alikuwa analipia kifurushi kikubwa cha king'amuzi, Sh. 35,000, na juu yake bando la intaneti la kila wiki kwa ajili ya wajukuu wanaosoma, ambalo kwa mwezi lilikuwa linafika Sh. 26,000. Jumla Sh. 61,000. Ili hesabu ikae sawa, akamwachisha kazi kijana aliyekuwa anampalilia.

Wanaotoka huku kwetu wanaelewa uzito wa jambo hilo. Kwa Mhaya wa umri wa Mae, kibanja chenye majani ni sawa na kupokea wageni ukiwa na nguo iliyochanika. Na si aibu peke yake. Tangu ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, kibanja kisichotembelewa ni hatari, maana mgomba mmoja mgonjwa usipoonekana mapema na kung'olewa unaambukiza wengine. Kwa hiyo hapa hatuzungumzii anasa ya kuangalia mpira. Tunazungumzia chakula cha nyumba.

Nikamwuliza, "Mae, kwa nini unalipia kifurushi kikubwa wakati unaangalia taarifa ya habari na tamthilia?"

Akanijibu, "Mwanangu, fundi aliyefunga dishi ndivyo alivyoniambia nilipie. Nikipunguza si watanizimia?"

Hofu hiyo si ya Mae peke yake. Nimeikuta kwa watu wenye digrii. Watu wengi wanadhani kifurushi ulichoanza nacho ni kama ndoa ya kanisani. Kumbe hakuna kitu kama hicho. Huduma zetu karibu zote ni za kulipia kabla. Ukilipa mwezi, mmeelewana kwa mwezi huo tu. Mwezi ukiisha, hamdaiani.

Hebu tulifikirie suala hili la kulipia kabla, maana lina kichekesho ndani yake. Hapa Kagera tuna kitu kinaitwa butura. Mkulima mwenye shida anauza kahawa yake ingali maua au mbichi mtini, anapewa hela leo, na mnunuzi atakuja kuvuna baadaye. Kwa sababu mnunuzi ametoa hela mapema, anapata kahawa kwa bei ya chini sana. Serikali imeipiga vita butura kwa miaka mingi kwa kuwa inamnyonya mkulima, na ni haki kuipiga vita. Lakini angalia kanuni yake: anayetoa hela mapema ndiye anayenufaika na bei. Sasa sisi wateja wa vifurushi tunatoa hela mapema kila mwezi, kabla hatujaona hata chaneli moja, na bei haishuki hata shilingi. Umeme ukikatika, siku zinahesabika. Ukisafiri wiki mbili, siku zinahesabika. Mvua yetu ya Bukoba ikinyesha mpaka mawimbi ya setilaiti yakashindwa kupenya, dakika zinahesabika. Tumelipa mapema kama mnunuzi wa butura, halafu tukabeba hasara kama mkulima wa butura. Pande zote mbili tumepigwa sisi!

Wenzetu wa Uingereza wana mazoea tofauti. Kule mtu anafunga mkataba wa intaneti na televisheni wa miezi kumi na minane au miaka miwili. Mkataba ukikaribia kwisha, anapiga simu na kusema: nimeona kampuni fulani inatoa huduma hii kwa bei nafuu, nataka kuhama. Anaunganishwa na watu ambao kazi yao ni moja tu, kumzuia asiondoke, na hao wana ruhusa ya kupunguza bei. Asiyepiga simu anaachwa alipe zaidi. Mwaka 2018 shirika la Citizens Advice lilipeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo, likikadiria kuwa wateja waaminifu wanatozwa pauni bilioni 4.1 za ziada kwa mwaka katika masoko matano: intaneti ya nyumbani, simu, bima ya nyumba, akiba za benki na mikopo ya nyumba. Wakauita mchezo huo adhabu ya uaminifu. Kuanzia Februari 2020, mdhibiti wao, Ofcom, akazilazimisha kampuni kumtaarifu mteja mkataba wake unapokaribia kwisha na kumwambia bei nzuri zilizopo.

Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza nilisema, aa, hayo ni ya Wazungu, sisi hatuna mkataba wala hiyo idara ya kuzuia watu. Nikakaa nikafikiri tena. Kutokuwa na mkataba ni udhaifu au ni nguvu? Mwingereza akiamua kuondoka katikati ya mkataba anatozwa faini. Mimi na wewe tunaweza kuondoka mwezi wowote bila kumuaga mtu. Kwa maneno mengine, tuna uhuru ambao Mwingereza anausubiri miaka miwili. Tatizo ni kwamba hatuutumii, na kampuni zinajua hatuutumii.

Ni kweli kuna vitu vinavyotufunga. Dishi na king'amuzi umevinunua, na king'amuzi cha kampuni moja hakifungui chaneli za nyingine. Na kuna mpira. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka kumi wa kuonyesha Ligi Kuu yetu, wenye thamani ya Sh. bilioni 225.6. Mtu anayetaka kuangalia Simba na Yanga nyumbani kwake hana maduka mawili ya kuchagua. Hapo kugeuka kama unaondoka ni kazi, maana muuzaji anajua utarudi Jumamosi.

Lakini historia inaonyesha kuwa pale mteja anapokuwa na pa kwenda, mambo yanabadilika. Halotel ilipoanza Oktoba 2015, watu wa vijijini ambao walikuwa na mtandao mmoja au hawana kabisa wakapata wa kulinganisha. Machi 1, 2017 TCRA ikaanzisha huduma ya kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba, na kufuli moja kubwa likafunguka. Kenya jirani, Starlink iliingia Julai 2023, na ilipofika Septemba 2024 Safaricom ikaongeza kasi ya intaneti yake ya nyumbani bila kupandisha bei. Je, wateja wa Nairobi walipiga magoti kuomba? Hapana. Walikuwa tu na mlango wa pili.

Nisisahau upande wa pili wa shilingi. Wanaokumbuka GTV wananielewa. Ilikuja mwaka 2007 na bei ya chini, ikiwa na haki za kuonyesha mechi nyingi za Ligi Kuu ya Uingereza, watu wakakimbilia kununua ving'amuzi. Januari 2009 ikafunga ghafla nchi zote. Walionunua wakabaki na boksi la kuwekea maua juu yake. Kwa hiyo bei ndogo peke yake si ushindi. Kabla ya kuhama, pima unatoa kiasi gani mwanzoni, na itachukua miezi mingapi nafuu ya bei kukurudishia hela ya vifaa.

Sasa niwaambie tulichofanya hapa Kibeta, maana nadharia tupu haipalilii kibanja.

Kwanza, kwa mwezi mzima Mae aliweka daftari juu ya televisheni. Kila jioni anaandika kaangalia chaneli gani. Mwezi ulipoisha, chaneli zilikuwa sita. Tano kati ya hizo zilikuwemo kwenye kifurushi kidogo. Ya sita ilikuwa ya mpira, na waliokuwa wanaiangalia ni sisi wapangaji. Tukakubaliana kwa aibu kidogo kwamba siku za mechi kubwa tutakwenda kibanda umiza kama vijana wengine.

Pili, kifurushi kikubwa kilipoisha hakulipa. Siku ya kwanza meseji ya kukumbusha. Siku ya tatu nyingine. Mae akawa ananiuliza kila jioni, "Waitu, hawa watu hawatachukua dishi lao?" Namwambia, Mae, dishi ni lako, ulilinunua. Siku ya tisa ikaja meseji ya aina nyingine: lipia kifurushi kidogo, tukupandishe cha kati kwa mwezi mzima. Umeona? Miaka yote aliyolipa bila kuchelewa hata siku moja hakuwahi kupewa ofa hiyo. Siku tisa za kukaa kimya zikamletea. Ile meseji niliyosema haina masikio, kumbe inasikia kimya. Alilipa Sh. 15,000, akaangalia kifurushi cha kati mwezi huo, na mwezi uliofuata akaendelea na kidogo.

Tatu, tulidai siku zilizopotea. Miezi michache nyuma Mae alilipa Jumatatu, chaneli zikafunguka Ijumaa. Kwa bahati nzuri mwalimu ni mwalimu, meseji ya malipo alikuwa ameitunza. Nikapiga huduma kwa wateja yeye akiwa pembeni. Dada aliyepokea alikuwa mstaarabu sana, "pole sana kaka, samahani kwa usumbufu", lakini jibu lake lilikuwa siku haziwezi kurudishwa. Sikugombana naye, kwa sababu hana mamlaka na anasoma alichoandikiwa. Nilimwomba vitu viwili: namba ya lalamiko na anwani ya barua pepe ya kupeleka lalamiko kwa maandishi. Barua ilikuwa ya mistari saba: tarehe ya malipo, kumbukumbu ya muamala, siku ambazo huduma haikuwepo, tunachotaka, na kwamba tusipopata jibu tutaipeleka TCRA. Baada ya siku sita, siku nne zikarudishwa. Siku nne ni hela ndogo, najua. Ila uso wa Mae siku ile haukuwa wa mtu aliyepata hela ndogo. "Kumbe wanasikia," alisema.

Nieleze hapo kidogo, maana wengi hawajui. TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, haipokei lalamiko lako kama hujaanza na kampuni yenyewe. Anza na mtoa huduma, uwe na ushahidi wa maandishi, asiposhughulikia ndipo upande. Kwetu Kanda ya Ziwa ofisi yao iko Mwanza. Kuna pia baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano, TCRA-CCC, ambalo kazi yake ni kutusemea. Na kanuni za vifurushi za mwaka 2021 zilitaka mteja apewe taarifa matumizi yake yakifika asilimia 75 na asilimia 100, na aweze kumhamishia mwingine kifurushi chake. Bei mpya zilizokuja na kanuni hizo zilianza Aprili 2, 2021, zikaonekana zimepanda badala ya kushuka, nchi nzima ikapiga kelele, na siku hiyo hiyo zikasitishwa. Wanaosema kelele za wananchi hazisaidii waikumbuke siku hiyo.

Nne, na hili ndilo kubwa, tuliunganisha majirani. Intaneti ya waya ilikuwa imefika barabara kubwa lakini haijaingia mtaani kwetu. Mae alipouliza peke yake aliambiwa agharamie nguzo na waya mwenyewe. Hela yenyewe ilikuwa ya kununua ng'ombe. Jumapili mbili baada ya ibada tukapita nyumba kwa nyumba, tukapata nyumba nane zilizokuwa tayari. Tukaandika barua moja, majina nane, tukaipeleka. Wakaja kupima, wakarudi na jibu jipya: nguzo watasimika wao, kufunga ni bure, mradi nyumba zote nane zilipe mwezi wa kwanza siku moja. Tukawauliza pia kama nyumba moja yenye wapangaji inaruhusiwa kutumia laini moja, nao wakakubali, tukaomba waandike. Wakaandika.

Hili lisitushangaze watu wa Bukoba. Wazee wetu walishajua kuwa mkulima mmoja mwenye gunia moja la kahawa hana bei, bei anapangiwa. Ndiyo maana chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kikaandikishwa mwaka 1950. Vyama hivyo vimekuwa na shida zake, na wote tunazijua. Lakini wazo lake la msingi halijazeeka: muuzaji mkubwa hapatani na mnunuzi mmoja, anapatana na kundi. Ukipiga simu peke yako wewe ni namba ya mteja. Mkienda nyumba nane nyie ni mtaa.

Leo Mae analipa Sh. 15,000 ya king'amuzi na Sh. 14,000 ambayo ni mchango wake wa intaneti, wapangaji watatu tunamalizia. Jumla Sh. 29,000. Zimebaki Sh. 32,000 kila mwezi. Kijana wa kupalilia amerudi, na nimeambiwa na wapita njia kwamba kibanja kinapendeza.

Sitaki mtu adhani tulishusha bei ya kampuni. Bei iliyobandikwa haikushuka hata senti. Kilichoshuka ni kile ambacho Mae alikuwa analipia bila kukihitaji, na kilichopanda ni vile alivyokuwa anastahili na hapewi. Kwenye biashara hizi hapo ndipo penye kupatana. Na wakati dunia ya ving'amuzi inaendelea kuhama mikono, kama tulivyoona Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ikichukua MultiChoice yenye DStv, vifurushi vitabadilishwa majina na mpangilio tena na tena. Asiyejua anachotumia atapangiwa kila mara.

Kwa hiyo, ndugu yangu, meseji ya mwezi ujao ikiingia, usiilipe siku hiyo hiyo. Chukua daftari kwanza. Halafu mgongee jirani hodi umwulize yeye analipa ngapi. Najua wengi hatujawahi kuulizana. Tunajua bei ya ndizi ya kila mtu mtaani, lakini bei ya kifurushi ni siri ya chumbani. Siri hiyo inamnufaisha nani?